Suruali ya Mwanamuziki

Nikisikia harufu ya kitambaa kibichi chini ya pasi ya makaa, narudi Nyamirambo, kwenye kibanda cha mjomba, fundi cherehani. Mwanamuziki niliyempenda alikuwa nyuma ya pazia, kajifunga kitenge. Suruali yake, iliyokwisha kupunguzwa, nilikuwa nimeikumbatia mimi.

"Sahihi kwanza," nikamwambia, nikipenyeza kaseti yake na kalamu.

Akaandika, akanyoosha mkono. "Leta sasa, mtoto. Wenzangu wananingoja."

"Kaseti iko na pande mbili, papa."

"Fundi! Huyu umemtoa wapi?"

"Muandikie tu," mjomba akajibu. "Mimi nilishamshindwa."

Akaandika tena. Nikazilinganisha sahihi mara mbili. Ya pili ilipungua herufi tatu. Nikamrudishia kaseti; suruali nikabaki nayo.