Sahihi ya Mzee

Juzi katika benki moja mjini Nyeri, mama kutoka Tetu alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Alitaka mkopo anunue vyumba vya kupangisha kule mtaani Skuta kabla mmiliki hajamuuzia mtu mwingine. Malipo ya kwanza alikuwa amechangiwa na wenzake wa kikundi.

"Niko na chai, niko na ng'ombe," akamwambia karani.

"Hiyo tumeona, mama. Lakini mkopo inataka sahihi ya mzee."

"Ati mzee? Yeye hata hajui hizo nyumba ziko wapi. Si tulipata uhuru?"

"Uhuru ni ya nchi, mama. Hii ni benki."

Mama akajifunga shali, akatoka, akarudi na mumewe aliyekuwa akiota jua barazani. Karani akainuka, akampa kiti.

"Mzee, mapato yako hutoka wapi?"

Mzee akamnyooshea mkewe kidole. "Kwa huyu."

Karani akaridhika, akampa kalamu. Mkopo ukapita.

Zamu yangu ikafika. Nina shahada na mshahara wa serikali, ila mume sina. Nilitoka hadi barazani kuangalia kama amebaki mzee mwingine anayeota jua.