Kompyuta iliyovaa kitambaa

Leo nimemjibu mjomba mbele ya kamati nzima ya harambee ya karo yangu, na siombi msamaha.

Nimetoka kijijini Pap Onditi mbio hadi saiba ya intaneti Kisumu kuwaandikia ninyi wasomaji wa blogu yangu.

Mjomba alikuwa anawasomea wanakamati masomo yaliyo kwenye barua ya chuo changu cha Amerika. "Falsafa, historia, muziki, halafu kompyuta. Sasa mtu wa kompyuta anaimbia nani? Tafuta chuo cha kompyuta peke yake."

Nikamwambia, "Mzee, kompyuta ya chama chenu cha ushirika imefunikwa kitambaa cha kufuma tangu ije. Aliyeileta alijua mashine tu. Hakumuuliza karani anafanyaje kazi yake."



Mama yangu, aliyekuwa ameketi pale, ndiye karani huyo. Akasema polepole, "Mwaka mzima nafua hicho kitambaa."

Nitasoma masomo yote manne. Mwenye neno ajibu hapa.