Wanasali au Wanaigiza?

Siku niliyokwenda kuomba kazi kwenye kituo cha sanaa, Mkuu wa Kituo aliniambia nivue viatu nitembee kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Nilikuwa nimevaa gauni jipya la kitenge, nikidhani nitaulizwa maswali ya usaili. Nikatembea. Akaniambia nirudie. Mara ya tano akasema, "Tabita, unatembea kama mtu anayejua anatazamwa. Hebu tembea kama mtu anayekwenda mahali." Nikamfikiria mama yangu anavyowahi ibada ya asubuhi, nikatembea hivyo. Akafunga daftari lake na kuniambia nianze Jumatatu.

Kituo chetu kilikuwa mtaa wa Nkuhungu, jengo la bati lenye sakafu ya saruji. Mimi nilitoka kwenye kwaya ya kanisa na kwenye muheme, ngoma ambayo wanawake wa Kigogo huipiga wakiwa wameibana mapajani. Dansi ya kisasa nilikuwa siijui kabisa. Nilichofundishwa kwanza ni kuanguka. Unatoa pumzi, unalegeza magoti, unaiachia sakafu uzito wako wote, halafu unainuka kwa nguvu ile ile uliyoangukia. Nyonga zilijaa michubuko, na nilikuwa na furaha nisiyoweza kuificha hata nyumbani.

Nilipoiva nikafundisha Nkuhungu, nikahamishiwa darasa la jioni Area D, kisha nikapelekwa Ihumwa kufundisha watu wazima wanaotoka kazini. Niliporudishwa Nkuhungu nilikuwa mtunzi wa dansi, yaani mtu anayepanga nani aende wapi, lini, na kwa pumzi gani. Ndipo Mkuu akanipa kazi iliyonibadilisha.

"Nataka dansi kuhusu imani," alisema. "Mji huu watu wanasali kila siku. Tuonyeshe."

Nilipewa wachezaji sita. Kwa wiki mbili niliwapanga wapige magoti, wainue mikono, wafumbe macho. Ilipendeza kutazama. Habari zikafika kanisani kwamba Tabita anachezea sala. Baba yangu, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, akaacha kuongea nami mezani. Haikupita siku nyingi Mchungaji wetu akaja mazoezini mwenyewe, akakaa kwenye benchi mpaka tukamaliza.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba. Nina swali moja tu, binti yangu. Hawa wanasali au wanaigiza?"

 Akasimama, akasema kwa upole, "Nitarudi Jumamosi. Kama ni maigizo, nitawaomba waumini wasije, na wewe utapumzika kwaya."

Kesho yake niliwakalisha wachezaji chini. Nikawauliza, "Mkisali, mwili unafanya nini?"

Zuhura, binti wa muuza vitambaa mjini, alijibu wa kwanza. "Nikisujudu, paji la uso likigusa chini, shingo inaachia. Nausikia moyo wangu masikioni."

Wengine wakasema yao. Akabaki Yohana, mchomelea vyuma niliyemfundisha Ihumwa, mtu mzima mwenye mabega mapana. "Mimi siwezi kusali," alisema. "Tangu mama afariki, nasimama tu. Nasimama mpaka wenzangu wamalize."

 "Basi simama," nikamwambia.

Tukatupa yote ya wiki mbili. Yohana akasimama katikati, nao wakaanguka na kuinuka kumzunguka, kila mmoja kwa sala yake. Zuhura alishatuambia hatashikwa na mwanamume, kwa hiyo hapakuwa na kubebana. Ngoma nilipiga mimi. Wiki nzima nilifika getini kabla mlinzi hajafungua.

Jumamosi Mchungaji alikuja, na baba akiwa naye. Tukaanza. Mwishoni tulipanga Yohana atoke akitembea, lakini hakutoka. Akaanguka vibaya, bila ufundi wowote niliomfundisha. Nikaacha kupiga ngoma. Zuhura akajilaza sakafuni, umbali wa mkono mmoja kutoka kwake, bila kumgusa, akaanza kupumua kwa sauti. Pumzi moja, ya pili, ya tatu. Pumzi ya Yohana ikaifuata yake. Wengine wakalala na kupumua pamoja nao. Yohana akasema, "Mama," mara moja tu, akainuka.

Mchungaji alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Mama yake nilimzika mimi," alisema. "Nikamwambia huyu ajikaze. Sikumuuliza kama anaweza kusali." Kisha akanigeukia. "Kanisani sitawaruhusu kucheza hii, Tabita. Wazee hawatakubali, na mimi mwenyewe bado natafakari. Ila nitawaambia waumini waje hapa."

Baba alinisogelea. Aliinama, akachukua ngoma yangu, akaibeba mpaka stoo. Kwa mtu kama yeye, hayo yalikuwa maneno mengi.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa, wenye kanzu na wenye sare za kwaya wakibanana benchi moja. Nilikuwa nimemwambia Yohana aamue mwenyewe papo hapo, aanguke au atoke. Siku hiyo alitoka akitembea. Maonyesho mengine alianguka. Sikuwahi kujua mapema.

Nimestaafu sasa. Vijana huniuliza kama dansi ni ibada, nami nawajibu ukweli kwamba sijui. Ninachojua ni kwamba mwili haudanganyi kwa muda mrefu, na mtunzi akiusikiliza vizuri utamwambia kitu ambacho hakukipanga.

Kila Alhamisi nakutana na kina mama wa rika langu, tunacheza tukiwa tumekaa kwenye viti. Mmoja wao alipooza upande wa kushoto. Wiki iliyopita alijitahidi, akaunyanyua mkono ule mbovu mpaka usawa wa kifua, akaukutanisha na ule mzima. 

"Leo," akasema, "nimesali na mkono huu pia."