Wageni Wasiobisha Hodi

Watu wa Manzese walimjua Tupokigwe kwa sare za shule. Kwa miaka mingi alikuwa na kibanda cha cherehani nyuma ya barabara ya Morogoro, na mama aliyetaka sketi ya mwanawe isifumuke kabla ya muhula kwisha aliipeleka kwake. Alitoka Tukuyu akiwa binti, akaolewa Dar es Salaam, akafiwa na mume mapema, akamsomesha binti yake Bupe kwa cherehani ileile. Aliimba kwaya, sauti ya pili. Hakuwa mtu wa maono. Wenzake wa kanisani walipohadithiana ndoto zao, yeye alisema tu, "Mie nikilala nalala."

Macho yake yalianza kuondoka kwa pembeni. Akawa anagongana na watu kwenye njia pana, anamimina chai nje ya kikombe, anajichoma sindano. Alidhani ni uzee umewahi. Alipofika hospitali alikuwa amechelewa. Ni presha ya macho, wakamwambia, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Akabakiwa na ukungu. Mtu akisimama mlangoni alimwona kama moshi uliosimama, asijue ni nani mpaka aongee.

Akafunga kibanda, akahamia Goba, juu ya kilima, kwenye nyumba ambayo marehemu mumewe aliiacha haijaisha na Bupe akaimalizia. Bupe alikuwa karani katika kampuni ya mizigo mjini, na kazi ilimtoa alfajiri ikamrudisha jioni. Katikati hapo Tupokigwe alibaki na redio na Mungu wake.

Adhuhuri ya Goba ina ukimya wake. Watoto wako shuleni, watu wazima wako makazini, mafundi wanaojenga nyumba za jirani wamelala kivulini. Ilikuwa katika ukimya huo, redio imezimika kwa umeme kukatika, ndipo Tupokigwe alipoona lesi ukutani. Lesi nzuri ya maua madogo yaliyoshikana, imefunika ukuta mzima kutoka darini hadi sakafuni. Akainuka kuishika. Vidole vyake vikakuta plasta tupu, ya baridi.

Baada ya lesi wakaja watu.

Wa kwanza alikuwa mwanamke, amekaa kwenye kiti kilichotazamana na chake. Tupokigwe alidhani jirani ameingia.

"Karibu," akasema. "Nani mwenzangu?"

Kimya. Kisha akatambua jambo. Alikuwa anamwona. Yeye ambaye hakuweza tena kuuona uso wa mwanawe, alimwona mwanamke yule wazi kama picha ya studio: gauni la kijani, kola iliyosimama, vifungo vilivyovikwa kitambaa kilekile, pindo la kushonwa kwa mkono. Aliuona kila mshono. Upepo ukaingia dirishani, pazia likampapasa Tupokigwe begani, lakini gauni lile halikutikisika. Na macho ya yule mwanamke hayakupepesa.

"Kwa jina la Yesu," alinong'ona.

Mwanamke akabaki anamtazama. Tupokigwe akafumba macho kwa nguvu. Alipofumbua, kiti kilikuwa ukungu kama vitu vingine vyote.

Tangu siku hiyo hawakukoma. Walikuja wanaume wafupi wenye kofia ndefu, wakajipanga kwenye korido kama wanaosubiri kuitwa. Walikuja watoto wenye nyuso za kizee. Hawakubisha hodi, hawakupita mlangoni, hawakusema neno. Wakati mwingine uso mmoja peke yake ulining'inia mbele yake, mkubwa, meno nje, nao ulimfuata kila alikogeuka. Bupe alipouliza mbona amekonda, alisema ni joto.

Mwisho alimwambia Anjelina, kiongozi wa jumuiya yao ya maombi, mama mwenye upendo na sauti kubwa. Anjelina alimshika mikono.

"Mama Bupe, shetani haingii nyumba ambayo hakufunguliwa. Kuna kitu hujakitubu. Kitafute."

Tupokigwe akakitafuta. Alirudi nyuma mpaka utoto wake Tukuyu, akatubu maneno aliyomjibu mama yake, akatubu wivu, akatubu hata mabaki ya vitambaa vya wateja aliyoyatumia bila kuwaambia. Kisha jumuiya wakaja alasiri moja kumwombea. Walimzunguka, wakaweka mikono kichwani pake, wakakemea mpaka mabati yakavuma. Katikati ya kelele zile Tupokigwe akafumbua macho, na alichokiona ndicho kilichomtisha kuliko siku zote. Wageni walikuwa wamesimama katikati ya waombaji, bega kwa bega nao, kimya. Wanaomwombea walikuwa moshi. Wanaokemewa ndio waliokuwa watu. Mtoto mmoja wa uso wa kizee alichungulia kutoka nyuma ya mgongo wa Anjelina, akimtazama yeye tu.

"Wameondoka?" Anjelina aliuliza, jasho likimtiririka.

"Wameondoka," Tupokigwe alidanganya. "Bwana asifiwe."

Akaacha kwaya. Angesimamaje mbele za watu na uongo ule kifuani? Maombi yake yakabaki sentensi moja, aliyoisema mchana kutwa akiwa ameinamisha kichwa asiwaone: "Bwana, macho umechukua. Na akili pia?"

Aliyemkuta akiongea na kiti ni jirani yake Mwanaasha, mwanamke Mzaramo wa Temeke aliyeolewa Goba, ambaye alizoea kumletea chochote alichopika. Alisimama mlangoni na bakuli lake akimsikia Tupokigwe akilia, "Nyie mnataka nini kwangu? Semeni basi!"

Mwanaasha hakucheka wala hakukimbia. Aliweka bakuli chini, akakaa.

"Wamevaaje, shoga yangu?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Tupokigwe akaeleza yote, kola, kofia, nyuso. Mwanaasha alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba yangu mkubwa, Mzee Marijani, yuko Temeke. Macho yaliondoka kwa sukari. Naye anasemaga hivyohivyo. Ndugu wanasema ni majini. Wamemfungia chumbani, siku hizi hata chakula hali. Mie nilijua ni mambo ya kwetu. Sasa wewe mlokole umeyatolea wapi?" Akafikiri kidogo. "Nyote wawili hamuoni. Mwambie Bupe. Muulizeni huyo daktari wa macho."

Bupe alilia aliposikia, kisha akaomba ruhusa kazini. Daktari, Elibariki, kijana mpole wa sauti, aliuliza maswali machache tu. Wanaongea? Hawaongei. Ukifumba macho wanapotea? Mara nyingi. Unajua kwamba hawapo kweli?

"Najua," Tupokigwe alisema. "Lakini nawaona."

"Huna wazimu, mama, wala hujarogwa. Ubongo umezoea kuletewa picha na macho. Zikikoma kuja, ubongo hukaa na njaa, ukaanza kujitengenezea za kwake. Inawatokea wengi. Hawasemi, maana wanaogopa kuitwa vichaa. Kwa wengi wageni hao hupungua wenyewe baada ya muda."

Tupokigwe alijifunika uso kwa kanga. Nyuma ya bega la daktari, mtu mwenye kofia ndefu alikuwa amesimama akimtazama, na kwa mara ya kwanza hakumwogopa sana.

Walipotoka alimwambia Bupe, "Tusirudi nyumbani. Mpigie Mama Suhaib, atupeleke Temeke." Ndivyo walivyomwita Mwanaasha, kwa jina la mwanawe.

Chumba cha Mzee Marijani kilikuwa uani. Hirizi zilifungwa juu ya mlango, dirisha limezibwa kwa mbao ili majini yasipate njia. Ndani kulinuka ubani na mtu asiyeoga. Mwenyewe, aliyekuwa mwendesha winchi bandarini enzi zake, amejikunja kitandani na uso ukutani. Sahani ya wali ilikuwa sakafuni, haijaguswa. Bupe alimkalisha mama yake kwenye kigoda, akarudi mlangoni kwa Mwanaasha.

"Shikamoo, mzee."

Mzee hakugeuka.

"Naitwa Tupokigwe, jirani yake Mwanaasha. Mie nami sioni." Akasubiri. "Wa kwangu wengi wamevaa vizuri. Yuko mmoja wa gauni la kijani, mshono wake mie fundi siuwezi. Wa kwako wakoje?"

Bupe alitaka kumwambia mama waondoke. Kisha kitanda kikalia. Mzee alikuwa anageuka.

"Wadogo," alisema, sauti imekauka kwa kutotumika. "Kama kidole. Wanatembea kwenye sahani. Nikitia mkono wanakimbia, wanaangukiana. Nitakulaje watu, mwanangu?"

Tupokigwe alipapasa sakafuni mpaka akaipata sahani, akaiweka kati yao.

"Nipe mkono wako, mzee."

Akaushika ule mkono wa mifupa, akauingiza kwenye wali pamoja na wake. Mzee akashtuka, akataka kuuvuta. Hakumwachia.

"Usiwatazame. Pekua kwa vidole. Kuna nini hapo?"

"Wali," mzee alisema baada ya muda. "Wali tu."

"Ni macho yaliyokufa yanatuchezea. Daktari kaniambia leo. Huna jini wala wazimu."

Mzee Marijani alimega tonge, akalipeleka mdomoni akiwa amefumba macho, akatafuna huku machozi yakimshuka. Mlangoni Mwanaasha alikuwa amejiziba mdomo kwa mtandio.

"Nani kakutuma?" mzee aliuliza.

Tupokigwe alitaka kusema Mungu, jibu ambalo amelisema maisha yake yote bila kufikiri. Safari hii lilikuwa zito.

"Nafikiri nimetumwa," alisema. "Wewe kula kwanza."

Siku hiyohiyo Mwanaasha aliwasimamia ndugu zake mpaka mbao za dirishani zikang'olewa.

Wakiwa njiani kurudi Goba, Bupe aliuliza polepole, "Mama, kwa hiyo Mungu kakupofusha kwa ajili ya huyu mzee?"

"Usimseme Mungu hivyo. Sijui kwa nini nimepofuka, na bado namuuliza. Lakini unamkumbuka yule kipofu ambaye wanafunzi walimuuliza Bwana habari zake, nani alikosa, yeye au wazazi wake? Mie nimekuwa nikiuliza hilohilo. Nimechimba dhambi zangu mpaka Tukuyu. Bwana hakuwajibu kwa mambo ya nyuma. Aliwaonyesha kazi iliyo mbele. Na mle chumbani sikuwa peke yangu, Bupe. Sisemi hao wageni."

Mzee Marijani aliishi mpaka baada ya mfungo wa Ramadhani, dirisha lake likiwa wazi, akawa anampigia Tupokigwe simu kumsimulia vituko vya watu wake wadogo, na wote wawili wakicheka. Alizikwa Temeke, Tupokigwe akiwa amekaa mkekani na wanawake wa ukoo ule kama ndugu yao.

Kisha alirudi kwenye jumuiya, akawaita wakutane nyumbani kwake alasiri moja. Aliwaambia kwamba siku ile alidanganya, wageni hawakuondoka, na hawakuwa mapepo. Akaeleza maneno ya daktari. Wengine waliaga mapema.

Anjelina alibaki. Tupokigwe alimsikia akipumua kwenye kiti cha kona, kwa muda mrefu.

"Mama yangu mzazi," Anjelina alisema hatimaye, na sauti ile kubwa ilikuwa imekwisha kabisa. "Kule Kilosa. Alipopofuka alisema anaona askari chumbani. Tulimfungia. Tulimkemea mchana na usiku, mimi mwenyewe nikiongoza. Alikuwa ananiomba, 'Anjelina, niamini mwanangu, nawaona tu.' Alikufa mikono yetu ikiwa kichwani kwake."

Tupokigwe alinyanyuka, akamtafuta kwa mikono mpaka akampata, akamkumbatia kichwa kifuani pake. Wakakaa hivyo, bila kusali kwa sauti, mpaka Bupe aliporudi kutoka kazini na kuwasha taa.