Pete ya Chukudu

Siku ile bado iko puani mwangu, mwanangu. Ilinuka kiberiti na nyumba zinazoungua. Mimi shangazi yako nilikuwa na umri wako. Goma ilikuwa mikononi mwa waasi, tumezoea kuogopa watu, mara mlima nao ukapasuka. Lava iliingia mjini, ardhi ikitetemeka, nasi tukashika njia ya Sake pamoja na umati.

Baba yangu alikuwa mtu wa chukudu, akibeba makaa kwa kigari hicho cha mbao cha kusukuma. Kamba yake ya mizigo aliifunga nyuma ya chukudu, nyanya yetu akashika ncha ya pili, sisi tukashika katikati. Kwenye kamba kulikuwa na pete ya chuma ya kukazia magunia. Karibu na Mugunga risasi zililia, watu wakakurupuka. Tulipotazamana, mdogo wangu Bahati hakuwepo.

Niliachia kamba nimkimbilie. Baba akanidaka mkono.

"Niache, papa. Mutoto atapotea."

"Ukienda ivi, nitapoteza batoto babili. Nakufunga kwanza."

Akachana kitenge cha mama kilichokuwa kwenye mizigo, akafunga ncha moja kiunoni mwangu, nyingine kwenye pete. Nilimchukia kwa kunichelewesha. Lakini pete iliteleza juu ya kamba, nami nikarudi nayo kuelekea kwa nyanya, mikono yote miwili huru, nikipapasa kati ya miguu na mizigo ya watu. Umati ulinisukuma huku na huku, kitenge kikanirudisha. Nyuma ya godoro la watu nisiowajua nikagusa kisigino kidogo. Alikuwa Bahati, amejikunja, hata sauti ya kulia hana.

Miaka ilipita, nikasomea biolojia. Siku moja tulifundishwa habari za arkea, vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo vingine huishi katika maji ya moto sana. Joto hilo huiharibu DNA yao, ule uzi wenye maagizo yote ya uhai, na lazima irekebishwe kila wakati. Mwalimu akachora pete ya protini, vipande vitatu vilivyoshikana kuuzunguka uzi, inateleza juu yake bila kuanguka. Pete yenyewe hairekebishi kitu. Vimeng'enya vya kurekebisha vina kimkia kifupi kinachoingia katika kijishimo cha pete. Vikishikamana nayo hivyo, vinafanya kazi kwenye uzi bila kupeperuka. Wenzangu waliandika. Mimi nililia, maana pete ile niliijua.

Sasa milio ya risasi imerudi upande wa Sake, nawe unasema utakwenda peke yako kwenye kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya kumtafuta rafiki yako. Naogopa, mwanangu, sikufichi. Sikukatazi kwenda. Aliyepotea lazima atafutwe, na kilichoharibika kina haki ya kutengenezwa. Ila usitoke kabla hujajifunga kwa watu. Nenda na wenzako, waambie wa nyumbani mnapita wapi, na awepo mtu atakayejua mara moja kwamba umeanguka.

Bahati, yule wa nyuma ya godoro, ndiye baba yako. Hana habari ya kitenge wala pete, alikuwa mdogo mno. Mungu akutangulie njiani, akuzungushie mkono wake pande zote, akurudishe mzima kwa baba yako.