Shangazi Nilimkata Mwenyewe Kwenye Bango la Mashine

Admin, jina langu tafadhali lisionekane, ukoo wetu wote umo humu na kaka yangu hakosi kukoment. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, nina watoto wawili, naishi Mandewa hapa Singida. Ni kitinda mimba, na domo langu halina breki, lakini kwa hili nimenyamaza wiki ya pili na naona nitapasuka. Naanza kufua naacha nguo kwenye beseni. Naenda dukani narudi bila nilichofuata.

Familia yetu ina mashine za kukamua alizeti. Tangu utotoni tumelishwa hadithi moja: enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, Baba alianzia Mkiwa pale njia panda na kimashine cha kuvuta kwa mkono. Akawakamulia watu bure mradi wamwachie mashudu, yale makapi yanayobaki mafuta yakishatoka, kisha akawauzia wafugaji. Ndiyo akili iliyotuleta mjini. Baba alifariki mwaka juzi. Mwaka huu kaka mkubwa akataka bango jipya la getini, akanituma mimi nitafute picha za zamani.

Nikapata moja kwenye sanduku la Mama. Baba kijana, suruali pana, yuko karibu na kile kimashine. Pembeni kuna mwanamke kajitanda kanga, kainama, sura haionekani vizuri. Nikajua ni mteja. Nikamwambia fundi wa mabango, "Huyu mama mkate, anaharibu picha." Akamkata. Bango likapanda, Baba peke yake, chini yake MWANZILISHI.

Siku ya pili akatoka Shangazi, dada yake Baba, ana miaka sabini na ushee. Anaishi chumba cha uani palepale kwenye mashine, na siku zote tumeambiwa Baba alimhurumia tu baada ya ndoa kumshinda. Nikampa shikamoo, akaitikia macho yakiwa kwenye bango. Akalisogelea, akarudi nyuma. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mbona mkono wangu mmeuacha?"

Nikatazama. Jamani! Baba mkono mmoja uko mfukoni, mwingine kiunoni. Ulioshika mpini wa mashine ni mkono wa mwanamke, una bangili.

Nikamuuliza, akasema, "Achana nayo," akaingia ndani. Mimi wa kuachana na jambo? Kesho yake nikapanda basi hadi Mkiwa, nikaulizia wateja wa siku zile. Bibi mmoja akanicheka. "Baba yako? Huyo alikuja baadaye na viatu vyake vya kung'aa. Mashine ilikuwa ya dada yake." Akanitolea nyuma ya kabati kalenda ya ukutani waliyogawiwa wateja, imegeuka njano. LETA ALIZETI YAKO. KUKAMUA BURE, MASHUDU TUACHIE. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa, jina la Shangazi. La Baba halipo popote.

Nikarudi nikamwekea kalenda mapajani, akalia. Akanieleza kwamba mumewe alimtelekeza miaka, ila aliposikia mashine inafanya kazi akarudi mbio, anadai mali ya mke ni ya mume. Shangazi akawahi kubadilisha leseni iandikwe jina la kaka yake, mpaka yule bwana achoke. "Akachoka kweli, akaondoka. Baba yako nikamkumbusha anirudishie leseni yangu, mara ya kwanza, mara ya pili, ya tatu nikaona haya. Niliyekuwa namkimbia ni mume, mwanangu. Ndugu yangu sikumwogopa."

Nikamfuata Mama. Hakushtuka hata kidogo, na hapo ndipo nilipoumia. "Nilijua. Ulitaka niwalishe nini ninyi? Baba yako yuko kaburini, muache apumzike." Kaka naye akanijia juu, "Unataka kutugombanisha kwa karatasi ya ukutani? Hiyo picha na hiyo kalenda nakuja kuzichukua Ijumaa." Maana Jumapili kuna kikao cha familia. Wanataka kuvunja chumba cha uani waweke mashine kubwa, Shangazi apelekwe kijijini Sepuka, ambako hana mtu aliyebaki wa kumchotea hata maji.

Na mimi si malaika, nisijisafishe. Ada za wanangu zinatoka kwenye mashine hizohizo, na chumba hicho kivunjwe nilikubali mwezi uliopita, bila hata kuuliza.

Leo nimempitia, nimemkuta anakunja kanga zake anazipanga kwenye mfuko wa salfeti. Nikamwambia, "Shangazi, sema mwenyewe Jumapili." Akatikisa kichwa. "Nikisema mimi, ni bibi kizee anayetamani mali ya marehemu. Ukisema wewe, ni mtoto wake." Nikatoka nje na kuzunguka uwanja mzima kama niliyepoteza funguo.

Mama ameshaapa nikifungua mdomo nisimwite mama tena, na najua hatanii. Ndugu zangu, nishaurini, matusi wekeni pembeni. Nisimame kikaoni na kalenda mkononi nimpoteze mama yangu, au Ijumaa nimkabidhi kaka picha na kalenda, halafu nimbebee Shangazi mfuko wake mpaka stendi?