Mkwe Wangu wa Waithaka

Yule mwanamke alisimama kanisani wakati wa maombi akasema mume wake ameanguka kwenye mjengo, mgongo umevunjika, miguu haina uhai, tumkumbuke. Tukamkumbuka kwa sauti kubwa mpaka vipaza sauti vikapiga kelele. Mimi nilifumba macho kama wengine, lakini sikuomba. Kuna jambo lilikuwa limenikwama, na ibada ilipokwisha nilimfuata hadi langoni nikamshika mkono.

"Anaogeshwa na nani?"

Alinitazama kwanza, halafu akaanza kulia. Alikuwa ameajiriwa kazi ya nyumba Lavington, analala huko huko, na ruhusa ni Jumapili peke yake. Akiacha kazi hakuna chakula wala kodi ya chumba. Jirani mmoja mwanamume alijaribu kumwogesha mume wake, akatoka nje akitapika, hakurudi tena. Kanisa zima lilikuwa limemsikia na hakuna aliyetaka kujua habari za maji na sabuni. Nilikasirika pale pale. Mimi ni mtu wa hasira, na mara nyingi hasira ndiyo inayonisukuma kutenda mema kuliko upendo. Mungu ananijua.

Sina cheo. Kazi yangu ni kupiga deki ofisi za watu katikati ya mji, na natoka mchana. Kuogesha wagonjwa hakuna aliyenituma. Nilianza na jirani aliyekuwa hajiwezi, naye akanielekeza kwa mwingine, ikawa hivyo. Nilisoma tu pale Bwana anaposema alikuwa mgonjwa na watu wakaja kumwona, nikagundua hawaulizi hao watu walikuwa na wadhifa gani. Pasta alishawahi kutaka nifanywe shemasi. Nikakataa, kwa sababu nimeona watu wakipewa jina wanavyohamia kwenye vikao na chai ya vikao. Labda hicho ni kiburi kingine, sijui.

Basi nikawa nikitoka mjini nashuka kituo cha Adams Arcade, napitia duka la dawa kuchukua glavu na bandeji, halafu naendelea mpaka mtaani Waithaka, kwa mume wa yule mwanamke. Chumba kilikuwa kimoja, cha mabati, kitanda kimezungushiwa pazia. Mwenyewe alikuwa fundi wa mawe, mtu mkubwa wa mabega, na siku ya kwanza alifunika uso kwa mto muda wote. Baadaye tukazoeana, akawa ananiita mathe, yaani mama. Alikuwa na kidonda cha kulalia chini ya mgongo, na kule zahanati walituambia dawa yake kubwa ni usafi wa kila siku na kugeuzwa. Nikamsafisha, nikamgeuza, nikampaka mafuta. Kidonda kikaanza kufunga.

"Mathe, leo umenisugua kama sufuria ya ugali," aliniambia siku moja.

"Sufuria ya ugali inanyamaza ikisuguliwa."

Alicheka hadi kitanda kikalia. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo mshahara haujawahi kunipa.

Kisha mama mkwe wake akafika kutoka kwetu magharibi, kuja kumpikia. Asiyejua mila zetu hawezi kuona uzito wa jambo hilo. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mkono, hawali pamoja, na mama hakaribii kabisa mahali mkwe wake anapolala. Kumwona uchi ni laana, haisemwi hata kwa mzaha. Na hapa kulikuwa na chumba kimoja. Kwa hiyo mama yule akawa analala kwa jirani. Alipikia barazani, kisha akapenyeza sahani pembeni ya pazia huku uso ameuelekeza barabarani, akisema, "Chakula iko hapo." Mkwe wake alijibu, "Asante mama," akitazama ukuta. Siku za mwanzo nilikuwa nauma mdomo nisicheke. Baadaye nikaona ni heshima waliyobaki nayo, watu ambao umaskini umewanyang'anya mengine yote.

Alasiri moja, nimeshamaliza kazi, mama yule alinipa chai pale barazani.

"Mdogo wangu, wewe umezaliwa kwa nani?"

Nikamtajia ukoo wa baba yangu. Akaweka kikombe chini. Akaniuliza kijiji, akaniuliza babu, akaniuliza mto tuliokuwa tunachotea maji. Kumbe ni ukoo mmoja, damu moja. Alinikumbatia akapiga kigelegele, nami nikalia, kwa sababu nimeishi mji huu tangu ujana na sijawahi kukutana na mtu wa kuniita dada na ikawa kweli. Tulishikana mikono kama wasichana. Ndipo nikaona uso wake unabadilika, na mimi nikaelewa alichokuwa ameelewa. Kama mimi ni dada yake, binti yake ni binti yangu. Na yule aliyelala nyuma ya pazia, aliyekuwa anasikia kila neno, ni mkwe wangu.

Kesho yake nilimkuta amejifunika blanketi hadi shingoni na amelishika kwa mikono miwili.

"Mathe, hapana."

"Hapana nini? Maji yanapoa."

"Wewe ni mama mkwe wangu. Umeniona uchi miezi yote hii, na mimi sikujua."

"Mimi ni yule yule wa juzi."

"Juzi sikujua."

Nikamwambia tumeokoka, hayo mambo yalikwisha msalabani. Nikamwambia Bwana mwenyewe alijifunga kitambaa kiunoni akawaosha wanafunzi wake.

"Aliwaosha miguu, mathe. Miguu tu. Wewe osha miguu."

Nikamwosha miguu, ile miguu isiyosikia kitu, na nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba maji yalimwagika sakafuni. Nilipotoka nikamgeukia dada yangu nikitegemea anisaidie kumsihi. Akatikisa kichwa. Alisema afadhali angekatwa ulimi kuliko kuniuliza swali lile, lakini sasa limeshaulizwa.

Ningeweza kumlazimisha. Hana miguu ya kukimbilia, na mikono yangu ina nguvu. Wazo hilo lilinijia na nikaliona aibu. Mtu aliyebakiwa na neno moja tu la kusema juu ya mwili wake, nimnyang'anye na hilo?

Nikaenda kwa wanaume wa kanisa. Nilisimama kwenye mkutano wao nikaeleza wazi, bila kuzungukazunguka, kwamba natafuta mwanamume mmoja wa kuja alasiri. Nitamwonyesha namna ya kumgeuza, glavu nitaleta mimi. Wakasema ni jambo la maana sana. Wakasema watapanga. Jumamosi wakaja na mkate na sukari, wakasimama mlangoni, wakaomba maombi marefu, mmoja akiwa ameziba pua kwa leso kijanja kana kwamba ana mafua. Kisha wakaondoka. Jirani wote wanatoka alfajiri kutafuta vibarua na wanarudi wamechoka. Hao sikuweza kuwalaumu. Ndugu za mgonjwa walikuwa mbali. Mke wake aliomba ruhusa ya wiki moja Lavington, akaambiwa akiondoka kuna mwingine anasubiri langoni.

Pasta ndiye aliyepata wazo. "Tukikuwekea mikono uwe shemasi, hutakuwa unaingia kama mkwe. Utakuwa umeingia kama kanisa."

Nilikubali. Mimi niliyekataa kwa mdomo mpana, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nikapanda Waithaka moja kwa moja kumwambia mgonjwa.

Alinisikiliza vizuri. "Hata wakikufanya askofu, mathe," akasema taratibu, "utakuwa askofu ambaye ni mama mkwe wangu."

Tangu hapo nikawa nakuja kukaa barazani tu. Nilimwachia beseni, sabuni na kitambaa ndani ya pazia, ajipanguse anapofika. Mgongoni hakufika. Mke wake alimsafisha Jumapili, akachelewa kutoka, na kila Jumapili alichelewa zaidi. Harufu ilikuja kidogo kidogo, halafu ikakaa. Nilimsihi aende hospitali, akasema huko watamvua mbele ya watu wote. Sijawahi kuomba kwa uchungu kama siku zile, na wala sikuwa naomba, nilikuwa nagombana.

Kisha nikafika alasiri moja, mlango umefungwa, na ndani nasikia maji. Nikasukuma. Pazia lilikuwa limefunuliwa nusu, na nyuma yake dada yangu amepiga magoti kando ya kitanda, amejifunga leso machoni, imekazwa hadi kisogoni. Mkwe wake amelala kifudifudi, uso umezama kwenye mto. Mama yule alikuwa anapapasa ukingo wa kitanda akitafuta mgongo, maji yanamtiririka kwenye viwiko.

Niligeuka nikautazama mlango. Mwili ule nilikuwa naujua kwa moyo.

"Shuka kidogo," nikasema. "Kulia. Hapo kuna mfupa, upite. Sasa polepole, umekaribia."

Nilimsikia akikamua kitambaa. Nikamsikia mgonjwa akilia ndani ya mto, kilio cha mtu mzima asiyetaka kusikika. "Nisamehe mama," alikuwa anasema. "Nisamehe mama." Mama akaendelea kusafisha, halafu mkono wake ukasimama.

"Dada," aliniita, na sauti yake haikuwa yake. "Kidole yangu imeingia ndani."

Siku hiyo hakubisha kuhusu hospitali. Vijana wa mtaa walimbeba juu ya godoro mpaka barabarani. Daktari alitueleza kuwa uchafu umeshaingia kwenye mfupa na kwenye damu, akauliza kwa nini tulimchelewesha. Dada yangu alinitazama nimjibu, mimi ndiye mwenye Kiswahili cha Nairobi. Ningeanzia wapi?

Alifariki hospitalini kabla ya Jumapili, kwa hiyo mke wake hakumkuta. Dada yangu alirudi nyumbani peke yake, mbele ya msafara, maana haifai mama mkwe asafiri na maiti ya mkwe wake. Mimi pia kwa desturi hiyo hiyo sikustahili kuiona maiti, na nilikaa nje ya mochari na akina mama wengine, kwenye jua.

Wanaume wa kanisa walifika asubuhi na mapema wakiwa wamebeba suti, shati jeupe, sabuni na taulo mpya. Kuosha maiti ya ndugu ni huduma inayoheshimiwa sana kanisani kwetu. Waliingia wanne. Walikaa humo muda mrefu, wakiimba kwa sauti ya chini, na walipotoka walikuwa wamekunja mikono ya mashati, nyuso zao zimelainika, wakasema ndugu yetu amependeza. Nilitaka kuwatukana. Nilikuwa nimeomba mmoja.

Jumapili baada ya mazishi pasta aliwaita mbele wale wanne, akasema hii ndiyo maana ya kumtumikia Mungu bila kuona kinyaa, akaomba wapigiwe makofi. Mimi nilikuwa nimekaa viti vya nyuma. Mjane alikuwa upande wa pili, amefungwa kitambaa cheusi, na badala ya kutazama mbele alikuwa ananitazama mimi, ajue nitafanya nini. Nikapiga makofi. Naye akapiga.